Siku Moja St. Petersburg

Wiki hii, kwenye treni ya kutoka Saint Paul kwenda Minneapolis, mama mmoja Mkenya aliyevaa sare ya kutunza wazee alikuwa akichora kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha. Alichora mto, kando yake jumba kubwa.

"Tunafika St. Petersburg asubuhi," akamwambia mwenzake aliyeketi kando yake. "Tunaanza na jumba la wafalme, jioni tunapanda boti."

"Wewe na nani?"

"Na shosho wangu wa kazini, yule bibi Mrusi ninayemtunza. Kutoka kitandani hawezi tena, lakini kila shifti lazima tupange hiyo siku moja ya kurudi kwao."

Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nilidhani mwenzake atacheka. Alikunja uso.

"Na watu wake mtawasalimia saa ngapi?"

"Hakuna aliyebaki."

"Hata kama. Mtu hafiki kwao akaanza kutazama majumba! Mpeleke kwanza kwa kaburi la mamake."

Yule mama akalifuta jumba kwa kiganja, na pale pale akachora msalaba mdogo.

Nimewahi kusafirishwa na mawakala wengi wa safari. Sijaona hata mmoja aliyemwondoa mfalme njiani ili bibi kizee akamsalimie mama yake.