Jina Lililoshonwa Ndani ya Mwavuli

"Shangazi, mwavuli ukipotea, unajua kwao ni wapi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa mdogo, darasa la pili, macho yamevimba kwa kulia. Mwavuli wangu wa kijani wenye kiraka cha njano alichokishona yeye ulikuwa umebaki kwenye basi. Bibi ndiye aliyekuwa ameushika, na hadi leo anasisitiza kwamba hakuusahau, ni basi lililoondoka bila adabu. Shangazi alinipa mkasi nimshikie, akasema, "Tutaona," akaendelea kushona.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na kazi yake ni kutengeneza miavuli. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza. Halafu wanakumbuka ule wao ulioko nyuma ya mlango, uliovunjika vijiti viwili, wanaacha kucheka. Chumba chake cha kazi kimebanwa kati ya kinyozi na duka la vioo. Miavuli inaning'inia darini kichwa chini kama popo waliolala, na chini yao anakaa yeye na koleo dogo, waya mwembamba na uzi uliopakwa nta. Vile vijiti vya chuma anaviita mbavu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Daktari wa Mbavu.

"Daktari, mgonjwa wa leo kapatwa na nini?" kinyozi humchokoza kupitia dirishani.

"Upepo umemkunja. Atapona huyu. Wewe ndiye sina dawa yako."

Mwavuli ukishapona, anaufungua na kuuzungusha kwa nguvu mpaka upepo wake unanipiga usoni. Kisha anashona ndani ya kitambaa, pembeni mwa ubavu mmoja, utepe mweupe wenye jina la tovuti yake: mwavulimzima. Huko watu hutuma picha za miavuli yao, naye huwaambia kama inatibika. Tepe hizo amezishona tangu kabla sijaanza shule. Nilimuuliza ni ngapi, akasema daktari hahesabu waliopona.

Sasa, mwaka huu nimejifunza jambo lililonishangaza. Nilidhani jina la tovuti ukishalipata ni lako moja kwa moja, kama pua. Kumbe sivyo! Kuna kampuni zinazosajili majina hayo na kukutunzia, na kila mwaka lazima usajili upya. Ukichelewa, jina linaachiwa, na yeyote anaweza kulichukua, hata muuza viatu. Na kampuni iliyotunza jina la Shangazi ilikuwa imelala fofofo. Simu hawapokei, tovuti leo ipo kesho haipo, ukurasa wa kusajili upya haufunguki. Mwaka wa jina ulikuwa ukingoni, na mvua ndizo zinaanza.

"Jina hili likienda," Shangazi aliniambia, akiwanyooshea popo wake koleo, "hawa wote watakuwa wamevaa anwani ya nyumba isiyokuwepo. Pamoja na wenzao walioko huko duniani."

Nikaingia mtandaoni kusoma. Nikagundua kwamba jina linaweza kuhama kampuni, kama vile mwanafunzi anavyohama shule. Shule ya zamani inakupa uhamisho, mpya inakupokea, na wewe unabaki wewe. Kwanza unafungua kufuli linalozuia jina lisihamishwe. Pili unaomba namba ya siri kutoka kampuni ya zamani. Tatu unaipeleka kwenye kampuni mpya.

Tulianza tukiwa tumezungukwa na waya na vipande vya kitambaa. Kufuli lilifunguka kwa kubonyeza mara moja tu, Shangazi akapiga makofi. Tukaomba namba ya siri. Kompyuta ikatuambia imeshatumwa kwenye barua pepe. Tukasubiri. Hola. Tukaomba tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Hola. Kinyozi akauliza mgonjwa anaendeleaje, Shangazi akafunga dirisha. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hapa lazima nieleze jambo kuhusu familia yetu. Barua pepe tunayo moja, ya wote. Shangazi aliifungua zamani, na mlinzi wake ni Bibi, kwa kuwa ndiye mwenye nafasi ya kusoma kila kitu. Siku moja tapeli alituandikia kwamba tumeshinda gari. Shangazi akatukusanya, akatoa sheria: ujumbe wowote unaotaja namba ya siri, futa, hata ukisema umetoka kwake.

Jumapili tulikula kwa Bibi. Alikuwa na simu mkononi, amejaa fahari.

"Wezi wamezidi," alisema, akishusha miwani. "Wiki hii pekee nimewafuta kadhaa. Eti 'hii hapa namba yako ya siri ya kuhamisha jina.' Nikamwambia, hama wewe!"

Kijiko cha Shangazi kikabaki hewani.

"Mama. Hao wezi ni mimi."

"Wewe? Umeanza lini?"

Baba akapaliwa na maji.

"Si ulisema tufute hata kama ujumbe umetoka kwako?" Bibi akauliza.

"Nilisema, Mama."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

"Huna kosa. Ndiyo shida yenyewe."

Tulicheka mpaka chakula kikapoa. Nikafungua sehemu ya taka kwenye simu: wezi wote walikuwa humo, wamelala kimya. Nikasoma namba ya yule wa mwisho, herufi moja moja, Shangazi akaiandika kwenye ukurasa wa kampuni mpya kwa kidole kimoja, na Bibi akasimama nyuma yetu kuzuia mtu asichungulie.

Siku mbili baadaye Bibi alipiga simu. "Kuna mwingine anauliza kama unakubali jina lihame. Nimfute, au ni wewe tena?"

"Ni mimi, Mama! Mwache!"

Jina likahama salama, na mwaka mwingine juu yake. Shangazi alifungua miavuli yote darini kwa mpigo, chumba kikawa kama bustani, na kinyozi akatoka na mteja wake mwenye povu kidevuni kuja kutazama.

Wiki hiyohiyo ukaingia ujumbe kwenye tovuti. Mfanyakazi wa kituo cha mabasi alikuwa anasafisha stoo, akakuta mwavuli wenye utepe wa jina letu. "Nilijaribu kuwaandikia juzi, tovuti haikufunguka," aliandika. "Leo nimejaribu tena. Je, mwenyewe yupo?" Chini aliweka picha. Kijani. Kiraka cha njano.

Nilienda kuuchukua na Bibi, ambaye alikataa katakata kunipa niushike. Aliukumbatia kwa mikono miwili njia nzima, akimkodolea macho dereva wa basi.

Siku hizi mwavuli ule unanifunika bega moja tu. Tulipoufikisha, Shangazi aliufungua, akauzungusha, vumbi likatuangukia sote kwenye chai. Akapitisha kidole kwenye mbavu, akakuta moja imepinda. Utepe ulikuwa umefubaa, lakini jina lilisomeka.

"Uliwahi kuniuliza kitu," alisema.

"Kama mwavuli unajua kwao."

Akavuta koleo lake.

"Unajua vizuri sana. Ila ukibisha hodi, lazima awepo mtu wa kuuambia karibu."