Banda ni Banda

Kaka yake mama tunamwita Mjomba Jumamosi. Si kwa dharau, ila siku nyingine za wiki hatuioni sura yake. Jumatatu hadi Ijumaa yuko mjini, kwenye ofisi ya kupokea malalamiko ya watu waliokatiwa maji. Anakaa kwenye kiti kinachozunguka na kuwaambia watu kwamba suala lao linashughulikiwa. Mama anasema mtu akishinda wiki nzima anashughulikia mambo bila kugusa kitu, lazima mikono imwashe.

Basi Jumamosi asubuhi tunaona gari lake dogo linakuja, mbao zimetoka dirishani kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Anashuka amevaa ovaroli lenye mstari wa pasi, penseli sikioni, na mkononi ameshika pimamaji. Ni kile kipande cha chuma chenye kichupa cha kioo na povu la hewa ndani. Ukikilaza juu ya kitu na povu likasimama katikati, kitu hicho kimelala sawa. Mjomba analilaza pimamaji lake juu ya kila kitu. Aliwahi kulilaza mgongoni kwa ng'ombe, akasema ng'ombe ameinamia kushoto.

Shamba la Bibi limejaa kazi za mikono yake. Kuna lango la mbao kule barabarani, zuri, lina komeo na kufuli. Uzio hakuna. Ng'ombe wanapita pembeni. Sisi tunapita pembeni. Mjomba peke yake ndiye anayefungua kufuli, anapita, anafunga, anatia ufunguo mfukoni na kuangalia nyuma kama limefungika. Kuna pia kiti cha kutazamia jua likizama. Alikipanga asubuhi, akakielekeza lilipo jua. Sasa ukitaka kuona jua likizama inabidi upige magoti juu yake na kumpa kisogo yeyote anayekuletea chai.

Bibi, ambaye ndiye mama yake, huwa hasemi. Anazunguka tu kazi za mwanawe kama anavyozunguka mawe. Lakini mwaka huu alikuwa na shida moja, nayo ilikuwa mahindi. Mwaka jana hatukuwa na pa kuyaweka. Yalilala chumbani kwake, gunia juu ya gunia hadi kitandani, na Bibi akalala jikoni msimu wote wa mvua. Jiko lenyewe linavuja. Alikohoa mpaka kuku wakamzoea. Safari hii alisema hatoki kitandani kwake kwa ajili ya hindi, hata liwe na meno ya dhahabu.

Akampigia Mjomba simu. Bibi haamini kwamba simu inasikia, kwa hiyo hupiga kelele, na kila aliyekuwa karibu alisikia.

"Mwanangu, nijengee banda."

"Banda, Mama?"

"Banda. Mvua zinakuja."

"Nimekuelewa kabisa. Hata mimi nimekuwa nikiliwaza."

Akaanza. Jumamosi hii anachimba, Jumamosi ile anasimamisha nguzo, nyingine anakaa anazitazama. Nguzo zilikuwa ndefu, na sakafu akaipandisha juu usawa wa kifua. Chini ya sakafu, kila nguzo akaivika bati lililokunjwa kama sketi, akalipaka rangi ya kijani. Alisema aliona hivyo kwenye picha ya hoteli moja.

Mama akasimama chini, mikono kiunoni. "Kaka, hizi ngazi za nini?"

"Za kupandia, Dada."

"Mahindi hayapandi ngazi."

"Nani ametaja mahindi?"

Ndipo tulipojua. Siku ya kumaliza alimshika Bibi mkono, akampandisha taratibu. Juu kulikuwa na paa zuri la nyasi, kitanda cha kamba cha kubembea, mapazia yaliyofungwa utepe, na upepo.

Bibi akageuka huku na huku. "Kuta ziko wapi?"

"Halina kuta, Mama. Ni la kupumzikia. Unakaa hapa unasikia ndege, unanusa udongo. Watu wa mjini wanalipia kitu kama hiki."

"Na mahindi yangu?"

"Mahindi yatatafutiwa utaratibu. Mvua zikiisha tutaanza lao."

"Mvua zikiisha."

"Ni suala linaloshughulikiwa."

"Mwanangu, mimi nilisema banda."

"Na hili ni nini?" Mjomba alicheka, akapigapiga nguzo. "Banda si banda, Mama?"

Bibi alilitazama paa, akaitazama sakafu, akamtazama mwanawe. "Haya," alisema. "Banda ni banda."

Kabla ya kuondoka Mjomba aliacha amri. Mtu asipande na viatu. Mtu asianike nguo. Jumamosi inayofuata angekuja na bosi wake, ambaye amechoka na mji na anataka kupumzika, na Mjomba alitaka akute kila kitu kama kilivyo. Alimwambia Mama pembeni kwamba kuna nafasi ya mkuu wa kitengo imebaki wazi, na bosi akipumzika vizuri huwa anakumbuka mtu.

Wiki ile mawingu hayakuuliza mipango ya mtu. Alhamisi mchana upepo ulikuja na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Mahindi yalikuwa uani, bado kwenye magunzi, yamemwagwa juu ya turubai, makavu, yanagongana kama kokoto. Bibi alisimama mlangoni. Akatazama kitanda chake, akatazama mbingu, kisha akalitazama banda.

"Leteni vikapu."

"Mama," mama yangu alisema, "Kaka atapasuka."

"Atapasukia wapi? Lete kikapu, mwanangu. Kipasuke chochote, bora kisiwe kifua changu."

Tukapandisha, miguu mitupu, maana amri ni amri. Bibi alikuwa juu anayapanga kama kuni yasiporomoke, na mapazia aliyakunja vizuri akayaweka pembeni, utepe wake juu. Tulijaza sakafu mpaka karibu na paa. Yaliyobaki tukayamwaga kwenye kitanda cha kubembea. Yalilala pale kama mgeni aliyeshiba. Usiku huo mvua ilinyesha kidogo, na Bibi alikoroma chumbani kwake amenyoosha miguu yote miwili.

Jumamosi gari likaja bila mbao. Mjomba alivaa suruali ya kitambaa, ila penseli ilikuwa palepale sikioni na pimamaji kwapani. Bosi wake alikuwa mama wa makamo mwenye raba nyeupe na kicheko cha taratibu. Mjomba alifungua kufuli, akalishika lango wazi kama bawabu. Bosi alipita pembeni, akamsubiri upande wa pili.

Njia nzima Mjomba alitembea kinyumenyume akieleza. Upepo. Ndege. Utulivu. "Sasa bosi, tazama," alisema, na yeye mwenyewe akageuka.

Povu lake lilikuwa limehama katikati.

"Shikamoo, mama," bosi alimwambia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Utatusamehe, sehemu ya kupumzikia imewahiwa."

Bosi alikuwa ameshaliendea banda. Akainama chini ya sakafu, akashika sketi moja ya bati, akaitikisa. Akapanda ngazi mbili, akatia mkono katikati ya mahindi na kuuacha humo kama mtu anayempima mtoto homa.

"Makavu kabisa," alisema. "Na juzi mvua imenyesha huku?"

"Imenyesha," Mama akajibu.

"Sakafu iko juu, unyevu haufiki. Pembeni wazi, hewa inapita. Na haya mabati, panya akipanda anagonga kichwa, anarudi kwao. Baba yangu alihangaika na panya maisha yake yote." Akashuka, akapangusa mikono. "Nani alibuni hili ghala?"

Sote tukamtazama Mjomba. Alilitazama banda kama anaonana nalo mara ya kwanza.

"Nililiwaza muda mrefu," alisema.

"Mwanangu huyu," Bibi akasema bila kucheka, "ukimwambia neno moja linamtosha."

Mvua ikatukimbiza jikoni. Tulibanana kuzunguka moto. Kulikuwa na mahindi mabichi machache ya mstari uliochelewa kule kisimani, Mama akayachoma, na bosi akala akipuliza vidole na kusema hajala hindi la moto, huku mvua inapiga paa, tangu utotoni. Kisha tone likamwangukia begani. Akasogea. Jingine likamfuata.

Bibi aliliangalia lile tone vizuri. Nilimwona. Jiko lile ameliombea paa miaka na miaka, na kila mara suala lake likawa linashughulikiwa. Safari hii hakutaja jiko.

"Mwanangu," alisema, "ghala umeshanijengea, Mungu akubariki. Lakini mgeni wetu bado hana pa kupumzika."

Mjomba akainua uso. "Ni kweli, Mama."

"Ningekuwa mimi, ningeweka hapahapa. Paa zuri lisilovuja, mtu akae aitazame mvua bila kulowa. Dirisha kubwa. Na moto katikati, wageni wanapenda moto."

"Na moshi?"

"Moshi utafutiwe pa kutokea. Wageni hawapendi moshi."

"Mimi nitakuja," bosi akasema, huku mdomo umejaa.

Mama aliinamia makaa, mabega yakimcheza. Mjomba alikuwa ameshachomoa penseli kutoka sikioni. Alilaza pimamaji lake juu ya jiwe la mafiga, akalikodolea macho, akavuta futi yake ya kupimia kutoka mfukoni.

"Lakini nikishapajenga, Mama, wewe utapikia wapi?"

"Usijali kuhusu mimi," Bibi alisema. "Mtanitafutia kikona."

Akashika ncha ya futi, akaenda nayo mpaka ukutani.