Goti la Mskoti wa Kindu

Nilitoka Kibombo kwenda kutafuta ukweli kwa ajili ya kaka yangu Ramazani. Ana miaka sitini na miwili na hajawahi kucheza mpira, kisa goti la mtu aliyekufa zamani. Wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, Mskoti mmoja, mchezaji hodari kwao, alikuja Kindu, huku kwetu Kongo, kuwa fundi wa reli. Kwetu husemwa kwamba babu wa baba yetu alimvunja goti uwanjani, mpira wake ukaishia hapo. Tangu hapo tunaitwa wavunja-magoti, na watoto wetu wanakatazwa kucheza.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikipiki. Njia ilikuwa matope matupu. Mara tatu nilishuka kusukuma, nikimlaani Mskoti na goti lake.

Jioni nilifika Kasuku, nilikoambiwa kuna mtu anayejua habari zake. Mama Zaina, mjukuu wa mpishi wa Mskoti, alikuwa akikaanga maandazi. Nilipomweleza sababu ya safari yangu alicheka mpaka machozi.

"Nani aliwadanganya, mwanangu? Ile goti iliharibika kwao Ulaya. Alishuka ku treni na bandeji! Babu yangu njo alikuwa anaichua na maji ya moto."

"Lakini babu yetu alimpelekea jogoo, mama!" Katika ukoo wetu, jogoo hupelekwa kwa uliyemwumiza, ni kukiri kosa.

"Huku jogoo iko ya kuangalia mugonjwa. Muzungu alianguka yeye mwenyewe ku uwanja, babu yenu akamuonea huruma. Kisha juma moja Muzungu akarudi kucheza, akasimama ku goli mpaka vita ikaisha."

Kumbe watu wa kwetu waliofanya kazi ya reli pamoja na babu yetu walimwona na jogoo, wakarudi nyumbani na hukumu. Nilifurahi, nikakasirika, kisha nikala maandazi sita.

Kesho yake nilirudi Kibombo. Ramazani alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ningecheza," alisema.

Iliniuma. Nimejifunza kwamba wema usioelezwa, watu huueleza wanavyotaka, na wajukuu ndio hulipa.

Jumapili wazee wa mtaa walikuwa na mechi. Ramazani alivua viatu, akaingia kucheza beki. Dakika ya kumi alikuwa anahema vibaya. Tulimwita atoke apumzike.

Alikataa.