Uso wa Yaya kwenye Ubao

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tulivyomwita, hakutuachia picha hata moja. Tulichobaki nacho ni ubao ambao juu yake mwalimu mmoja alichora uso wa yaya kwa chaki.

Mwalimu huyo alikuwa amekimbia vita kwao, akapata chumba kwetu Kabambare. Siku moja alisaga makaa ya betri kuukuu za redio, akayachanganya na majani ya muhogo yaliyopondwa, akapaka kipande cha ubao mpaka kikawa cheusi. Kisha akamkalisha yaya mlangoni, penye mwanga.

"Usicheke," akamwambia.

Yaya alijikaza, lakini mdomo ulimshinda, na mwalimu akauchora hivyohivyo, upande mmoja umepanda. Mama alipita na beseni la mihogo, akasimama kutazama.

"Ni yeye kabisa," akasema. "Hata ule ukaidi wake iko."

Miaka ikapita. Vita vilipotulia mwalimu alirudi kwao, na yaya akaenda Salamabila kuchimba zahabu. Kila aliporudi alileta sabuni na sukari, akalala kutwa nzima. Safari ya mwisho hakurudi yeye, alikuja dereva wa pikipiki. Hata injini hakuzima.

"Baba, shimo limeporomoka. Walimuzika jana."

"Nani walimuzika?" baba akauliza.

"Wenzake."

Baba akasema asante. Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Nakumbuka niliwaza kwamba chumvi imekwisha, nikaendelea kutwanga.

Kwenye matanga, kwa kuwa maiti haikuwepo, mama aliweka ule ubao juu ya kiti. Wanawake waliingia wakilia, wakamgusa yaya shavuni kama vile mtu anavyomgusa marehemu wake. Chaki iliwanata vidoleni, wakajipangusa kwenye vitenge. Nani angewakataza? Niliona shavu linapotea, kisha kidevu, nikawapelekea maji ya kunywa. Watu walisema nina moyo mgumu. Haikuwa hivyo. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa mno, unaujua ni wako lakini huusikii.

Mwalimu alipopata habari alikuja, mavumbi ya njia yamemjaa mpaka kope. Alitazama ubao muda mrefu, akatoa chaki kwenye mfuko wa shati.

"Mama, unipatie ruhusa. Nitarudisha ile sehemu imefutika."

Mama hakuinua sauti.

"Utachora nani, mwalimu? Siku ile mutoto alikuwa mbele yako. Leo haiko."

"Ninamukumbuka, mama."

"Hata mimi ninamukumbuka. Uache tu."

Mwalimu akabaki na chaki mkononi, kisha akairudisha mfukoni. Nikaleta bugali na sombe. Yeye na baba wakala, wakaongea juu ya njia ya Wamaza, vile mvua ilivyoiharibu. Nilingoja mtu alie, hata mimi mwenyewe. Sahani zikaisha chakula, nikaziosha.

Nilipoolewa huku Kasongo, mama alinipa ule ubao bila maneno mengi. Zimebaki nywele, jicho moja na kipande cha shingo. Watoto wangu huniuliza kama ni mtu.

"Ni mjomba wenu," nawajibu.

Wanatazama kidogo, wanatoka kucheza. Nami naurudishia ubao kitambaa kinachoufunika, naenda kuangalia moto.