Kitabu Kilichorudi Kasulu

Hadi leo nikisikia harufu ya dawa ya kuhifadhia mahindi, mguu wangu wa kushoto huanza kuuma. Sijui kama ni mfupa unaokumbuka au ni mimi. Stoo ya shule yetu kule Titye ilinuka dawa hiyo mwaka mzima, kwa kuwa mahindi ya shamba la shule yaliwekwa humo kwenye magunia, pamoja na majembe yaliyokaukiwa na udongo mwekundu, ndoo za bustani na bendera ya zamani iliyochanika. Msimu ule wa mvua, nikiwa darasa la tano, ikaongezeka harufu nyingine, ya makatoni na karatasi mpya. Vitabu vilikuwa vimeletwa kwa gari kutoka Kasulu mjini. Na mimi, kwa kuwa sikuweza kushika jembe wala kukimbia mchakamchaka, niliwekwa humo pamoja navyo, mlango ukafungwa kwa kufuli upande wa nje.

Sikufungiwa kwa ubaya. Vitabu vya awali vya shule vilikuwa vimepotea kimoja kimoja, na kurasa zake zikaja kuonekana kwenye gulio, zimefungiwa karanga na kusokotewa tumbaku. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliamuru kwamba stoo yenye vitabu isikae wazi, awemo mtu au asiwemo, na kitabu kisitoke kabla hakijapitishwa. Ufunguo alikuwa nao Mwalimu Mwanaidi, mama mmoja wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, ambaye kwa baridi ya asubuhi alivaa sweta mbili na bado akalalamika. Ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua vitabu. Alinifungia asubuhi nipange na kufuta vumbi, akaenda kufundisha, akarudi wakati wa mapumziko. Dirisha lilikuwa tundu dogo lenye nondo, na kupitia hapo niliona nusu ya uwanja na miguu ya wenzangu wakielekea kupalilia maharage ya shule kwenye manyunyu. Walikuwa wakinung'unika kwa kwenda shambani. Mimi nilikuwa nikiwaonea wivu hadi machozi yananitoka.

Mguu wangu ulivunjika kwenye mteremko wa mtoni. Baba alikuwa akiendesha baiskeli, mimi nimekaa nyuma juu ya gunia la mihogo, breki zikakataa, na tulipotua yeye alichubuka viwiko, mimi nikavunjika muundi. Bibi, mama yake baba, alikuwa fundi wa kuunga mifupa. Ukoo wetu ulitoka Burundi babu akiwa kijana, na nadhani kabla watu hawajatuzoea kama majirani walimzoea Bibi kwa mikono yake. Watu walitoka mbali kumletea watoto na mbuzi. Alinipaka mawese yaliyochemshiwa majani, akaukanda mguu huku nikipiga kelele, akauzungushia mabanzi ya mianzi na kuyafunga kwa kamba za mgomba. Kisha akaniambia nisiutazame, nisiuguse, wala nisimruhusu mtu kuufungua. Kwetu aliyefunga ndiye anayefungua. Ukifungua mfupa uliofungwa na mwingine, umeubeba wewe: ukipinda ni wako, ukioza ni wako, na aliyeufunga hataketi tena nyumbani kwako. Hiyo ndiyo desturi, na hata watu wa hospitali pale kwetu waliijua.

Basi kila asubuhi Baba alinipakia kwenye baiskeli ileile, sasa akiisukuma huku akitembea, mimi nimenyoosha mguu mbele kama mpini wa jembe. Hakuzungumza njiani. Tangu siku ile ya mteremko alikuwa amepungukiwa maneno, na sikujua namna ya kumwambia kwamba sikumkasirikia. Alinishusha mlangoni mwa stoo, akamwamkia mwalimu, akaondoka. Baada ya hapo kufuli ililia, na siku yangu ikaanza.

Nikiwa mkweli, haikuwa jela tupu. Vitabu vile vilikuwa karibu vyote vya maarifa, yaani vya mambo yaliyopo duniani na si vya hadithi, na vingi viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mimi niliijua hadi kwenye salamu tu. Shule kadhaa zilipaswa kugawana, kila moja ichague vya kutosha rafu zake na kurudisha vilivyobaki. Wengine wangechagua kwa unene au kwa uzuri wa jalada. Mwalimu Mwanaidi alikuwa na njia yake. Alikaa juu ya gunia, akafungua kitabu katikati, akafunika maneno kwa kiganja chake chenye hina iliyofifia, akaiacha picha peke yake. "Haya Editha, mwanangu," aliniuliza, "hapa wanasema nini?" Nikiweza kumweleza, kitabu kinakwenda lundo la kubaki. Nikishindwa, kinarudi katoni. Alisema mtoto wa darasa la tatu hatasubiri mwalimu aje amtafsirie. Picha isipomwita, ataipita.

Kitabu cha nyuki kilibaki, maana mizinga nilikuwa nimeiona tangu nazaliwa, na nilipoonyeshwa malkia amezungukwa na wenziwe nilisema, "Wanasema huyu ni mkubwa lakini hawamwachi atoke." Mwalimu alicheka hadi akajishika ubavu. Cha volkano kilibaki. Cha watu wanaoishi kwenye theluji kiliponzwa na mimi: niliangalia watoto wale walivyojaa weupe mwilini nikasema wamemwagikiwa unga wa muhogo, na wanaogopa kurudi nyumbani. Kikarudi katoni, na mpaka leo nakionea huruma. Mvua ilikuwa ikipiga bati, sisi wawili tumekaa katikati ya magunia, na wakati huo nilisahau kabisa kufuli.

Ndipo akafungua kitabu cha mwili wa binadamu. Kilikuwa chembamba, na kwenye jalada mtoto amechorwa nusu ana nyama na nusu ni mifupa. Alikifungua katikati, akaweka kiganja juu ya maneno. Palikuwa na picha tatu za mguu. Kwenye ya kwanza mfupa umekatika. Kwenye ya pili vipande vimewekwa kimoja juu ya kingine, vimenyooka, na kati yake pameanza kuota kitu kama uvimbe. Kwenye ya tatu vipande vimekaa upande, uvimbe umeota vilevile na kuvishika, na mguu wote umepinda. "Hapa wanasema nini?" Nilijibu haraka, kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kujibu: "Wanasema mfupa hauchagui. Ukiwekwa vibaya, unashika vilevile." Mwalimu akashusha kitabu. Sote tulikuwa tunatazama vidole vya mguu wangu, vilivyochomoza kwenye mabanzi. Mimi nilikuwa nimeelekea mlangoni, navyo vilikuwa vimeelekea kwenye majembe.

Jioni alimsubiri Baba. Alimfungulia kitabu palepale mlangoni, akafunika maneno na kumuuliza swali lile lile kama vile naye ni mwanafunzi. Baba alitazama kwa muda mrefu, akatazama mguu wangu, akavua kofia. "Naona, mwalimu. Lakini mama ndiye kafunga. Mimi nitafunguaje alichofunga mama?" Aliomba apewe kitabu akamwonyeshe Bibi kwa macho yake. Mwalimu alisita. Kitabu kilikuwa bado hakijapitishwa na kamati ya shule, na amri ya mwalimu mkuu ilikuwa haina mlango wa nyuma. Akasema kamati inakaa Ijumaa. Kikipita tu, kitabu hiki kitakuwa cha kwanza kuazimwa, na mwazimaji atakuwa mimi. Baba alikubali. Nyumbani alijaribu kumweleza Bibi kwa mdomo, na Bibi aliendelea kuchambua maharage. "Oya," alisema, yaani hapana. "Maneno ya mwalimu nimeyasikia. Mfupa nimeushika mimi." Siwezi kumlaumu. Angekuja mtu kwangu leo na maneno matupu kuhusu kazi ninayoijua, ningemjibu hivyohivyo.

Ijumaa ile kamati ilikaa katika ofisi iliyopakana na stoo, ukuta wa matofali mabichi ukitutenganisha. Mimi nilikuwa ndani kama kawaida, nimefungiwa, na nilisikia kila neno. Vitabu vilipita bila shida hadi mwenyekiti, Mzee Buchumi, alipofikia kile chembamba. Alikuwa katekista wetu, mtu mpole, na watoto tulimpenda. Niliisikia sauti yake ikibadilika. "Mwalimu, mafuvu haya hapana. Kesho mtoto akiugua, watu watauliza shule inafundisha nini. Weye ni mgeni hapa. Hujaona nyumba ikichomwa kwa maneno ya uchawi na mifupa ya watu." Hakuwa mjinga. Alikuwa ameziona nyumba hizo, na mimi nilizijua mbili. Nilingoja Mwalimu Mwanaidi aseme kuna mtoto hapa, upande wa pili wa ukuta, ana mguu. Hakusema. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni aliyeletwa kwa barua ya uhamisho anaweza kuondolewa kwa barua nyingine, na yeye alilijua hilo.

Nilitaka kupiga kelele nikashindwa, kwa sababu mtoto wa kwetu haingilii mazungumzo ya watu wazima hata nyumba ikiwaka. Nikachukua jembe nikaugonga ukuta kwa mpini. Nikagonga tena. Wakanyamaza kidogo. "Panya hao," alisema Mzee Buchumi, "mahindi yatatuishia." Wakaendelea na kitabu kilichofuata. Sijawahi kuhisi kufungiwa kama dakika ile, kwenye stoo, kwenye mabanzi na kwenye adabu yangu mwenyewe. Nililia bila sauti nisije nikasikika, ingawa kusikika ndiko nilikokutaka. Mwalimu alipokuja kunifungulia macho yake yalikuwa mekundu, na hakuniuliza kuhusu panya.

Gari lilikuja wiki iliyofuata likachukua makatoni ya kurudi Kasulu. Mvua ziliendelea. Siku Bibi aliyoichagua ilipofika, alinikalisha kwenye mkeka uani na kukata kamba za mgomba, akaondoa banzi moja baada ya jingine. Mguu ulitoka mweupe kwa vumbi la ngozi, mwembamba, mzima, na umepinda. Alipitisha vidole vyake juu ya muundi, akafika pale pa uvimbe, akarudia. Baba alikuwa amesimama mlangoni na hakuthubutu kusogea. Bibi hakulia wala hakujitetea. Alichosema ni hiki, na alikisema polepole: "Kile kitabu kiko wapi? Nileteeni nikione." Baba akamwambia kimerudi. Bibi alitikisa kichwa mara nyingi. "Mlileta maneno," alisema. "Mngeleta picha, mwana wanje, mwanangu. Picha ningeitazama."

Tulikwenda hospitali. Daktari alisema umeshashika, kuunyoosha ni kuuvunja upya, na wa kuifanya kazi hiyo hayupo karibu. Tukaambiwa tusubiri rufaa, tukasubiri, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nilikua na mguu wangu kama ulivyo. Bibi aliendelea kuletewa watoto, ila tangu siku ile kila aliyefungwa alifunguliwa kabla ya kupona, akatazamwa, akafungwa upya. Mzee Buchumi alinisalimia kanisani kila Jumapili hadi alipofariki, na hakujua kamwe kwamba ni mimi niliyekuwa panya.

Sasa mimi ni mwalimu huku Kibondo, kwenye shule iliyo kwenye barabara ya kwenda Nduta, na kazi ya kuchagua vitabu imenifuata. Mambo yamebadilika. Vitabu vya maarifa vya Kiswahili vipo, rangi zake nzuri, na vingine vinaeleza hata muhogo unavyougua. Sina stoo. Rafu zangu ziko darasani, chini, usawa wa mkono wa mtoto, na mlango haufungwi mchana. Vinapotea, ndiyo, na majuzi nimenunua karanga zilizofungwa katika ukurasa wa sayari. Niliukunjua nikausoma hadi mwisho nikiwa nimesimama. Kamati nazo zipo, na bado kuna kurasa wanazoziogopa. Siku hizi sizielezi kwa maneno. Nafungua kitabu mezani, nafunika maandishi, namuuliza mwenyekiti hapa wanasema nini, na mara nyingi hukipitisha, ingawa si kila mara. Na bado nafungwa. Kila mvua inaponyesha mguu huu hunikalisha ndani, nikisikiliza wengine wakikimbia uani, nami huwa na miaka ileile.

Muhula uliopita msichana wa darasa la nne alinifuata nikiwa napanga rafu. Alikuwa amelimeza swali lake siku nyingi, nilimwona. "Shikamoo mwalimu. Eti, mguu wako ulifanyaje?" Nilivuta kitabu cha mwili, si kile cha zamani, lakini nacho kina picha za mfupa unaounga vibaya, na mtu aliyesimama pembeni akitazama. Nikakifungua, nikaweka kiganja juu ya maneno, nikamuuliza wanasema nini. Alizitazama picha zote. Akautazama mguu wangu, kisha uso wangu, na nikaona amepata jibu na analiogopa, kwa sababu mtoto wa kwetu bado hamwambii mkubwa jambo kama hilo.

"Sema," nikamwambia. "Hapa hakuna ukuta."

"Wanasema kuna mtu aliona, mwalimu. Halafu akanyamaza."

Nikauondoa mkono, ili asome mwenyewe yaliyoandikwa.