Magunia Arobaini

Letisia, mwalimu wa biashara wa Makambako, alikuwa na miaka arobaini na mmoja na shahada ya uzamili ya uchumi iliyogoma kuisha. Chuo kilishamwongezea muda mara mbili. Sasa kilimpa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo wangemfuta. Kilichobaki ni kuwahoji wakulima sitini wa viazi huko Uwemba, kwao alikozaliwa: walivuna kiasi gani, na kwa nini walichagua mbegu waliyopanda.

Kwa kuwa si mtu wa kukurupuka, wiki moja kabla alimtumia mama yake nakala ya maswali ili awaandae watu. Mama huyo, Fidelia, ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, na akiambiwa aandae, anaandaa kwelikweli.

Siku ya kwanza Letisia aliwahoji watu ishirini na mmoja, na hakuna aliyesitasita. Mwenye shamba la bondeni alivuna magunia arobaini kwa ekari. Mwenye shamba la mlimani, lenye mawe matupu, naye arobaini. Letisia alijipa moyo kwamba pengine msimu ulikuwa wa haki kwa wote.

Mzee Clemens ndiye aliyetoboa siri.

“Kamwene, mwanangu,” alimsalimu kwa Kibena. “Uliza.”

“Baba, kwa nini umechagua mbegu hii?”

Mzee alisimama wima, mikono ubavuni. “Kwa kuzingatia ushauri wa...” Akakwama. Akamgeukia mkewe. “Kristina, wa nani tena?”

“Wa kitaalamu,” mkewe alinong'ona. “Na tulirudia mara tatu kwenye jumuiya.”

Letisia alifunika kalamu yake, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mama yake. Alimkuta anamenya viazi, uso umechangamka.

“Mama, umewafundisha majibu?”

“Nimewafundisha na kuwasahihisha. Clemens tu ndiye mzito kidogo.”

“Na hiyo arobaini?”

“Tuliona ndiyo yenye heshima.”

“Mama, nilitaka kila mtu aseme lake. Nikipeleka haya chuoni, wananifelisha.”

Kisu kikasimama. “Ulipofeli kidato cha sita ulilala humu wiki nzima, huli, husemi,” mama alisema. “Sikujua hata waliuliza nini. Safari hii maswali umeniletea mwenyewe. Ningekaa tu nikuangalie?”

Letisia alikuja na hasira zake zote, akajikuta anacheka. Alichukua karatasi safi, akakaa kwenye kigoda.

“Haya, tunaanza upya, na wewe ndiye wa kwanza. Ulivuna magunia mangapi?”

“Arobaini.”

“Mama.”

Fidelia alichungulia mlangoni kwanza. “Sita,” alisema taratibu. “Mvua ya mawe ilinipiga. Sijamwambia mtu.”

“Na yale mawili uliyonitumia Makambako?”

“Ni katika hayohayo sita. Andika, mwanangu, mwezi unaisha.”