Kuku wa Zaina wanataga meupe, na nyumbani hayatakiwi tena

Nyie mnaokwenda sokoni mkashika yai, mkaligeuza, mkalirudisha kwa sababu ni jeupe, hamna adabu. Mnachagua yai kama mnachagua kanga. Ganda mtalivaa? Mkifika nyumbani mnalitupa jaani, kuku walewale wanakuja kulidonoa. Kwa hilo ganda mmeniletea msiba ndani ya nyumba.

Mimi ni bibi wa huku Palma, Msumbiji. Kitambulisho kinasema nina miaka sitini na nane, ila aliyeandika alinitazama uso akakisia. Niliishia darasa la pili, naandika kwa kidole kimoja, anayecheka na acheke. Mume wangu alishafariki. Naishi kwa mwanangu Saidi na mkewe Mwanaidi, majina haya si yao. Admin, nifiche, ingawa mkwe wangu atanijua tu kwa ukali.

Nilikuwa na binti, kitinda mimba wangu, nitamwita Zaina. Tulipokimbia vita kila mtu alishika alichoweza. Mimi nilishika sufuria. Zaina alishika kuku, akamfunga kwenye kanga kama mtoto. Nikamgombeza: "We mwana, watu wanabeba watoto, wewe unabeba kuku?" Akasema, "Mama, ameanza kutaga juzi tu, nitamwacha na nani?" Tulivuka mto Rovuma kule Namoto, na mle mle ndani ya mtumbwi kuku akataga. Zaina akalishika lile yai mkononi, halikupasuka. Tulipofika ng'ambo akaomba moto kwa watu, akalichemsha, akanipa mimi. "Kula, mama, toka jana hujala." Lilikuwa jeupe kama chokaa.

Zaina alishikwa na homa hukohuko, tukamzika hukohuko. Kaburi lake liko ng'ambo, magoti yangu hayafiki. Picha zake ziliungua na nyumba. Nilichorudi nacho ni yule kuku na vifaranga vyake. Kuku wangu wote ni uzao wake, na wote wanataga meupe. Nikiokota yai asubuhi namwona mwanangu ananyoosha mkono.

Basi akaja mama mmoja wa kusini, mpishi wa kantini wanakokula watumishi wa serikali. Tumwite Dona Selesti. Saidi alifurahi, maana huyo akichukua anachukua trei kwa trei. Akatazama mayai yangu, akakunja pua. "Não, vovó, hapana bibi. Nataka ovo caseiro, yai la nyumbani. Haya meupe ni ya frigorífico, ya kukaa kwenye friji."

"Frigorífico gani? Kuku wangu hata taa ya umeme wanaikimbia!"

Nikaleta sahani, nikapasua la kwangu jeupe, nikapasua na jekundu la jirani. Viini viwili vya manjano, vimekaa kama mapacha. "Haya, nioneshe la frigorífico ni lipi. Yai ni yai, mama. Ganda tunatupa."

Akacheka. "Vovó, mimi nimekuelewa. Lakini asubuhi nawapa la kuchemsha na ganda lake. Wakiona jeupe wanalirudisha jikoni, wanasema nawalisha mayai ya zamani."

Saidi hakubishana. Akaleta kuku wekundu wa kutaga. Ua ni wake. Siku Dona Selesti alipoalikwa chakula, mimi nilikuwa matangani. Niliporudi Mwanaidi akanipakulia wali na kuku wa nazi. Nikala paja, nikanyonya na mifupa, nikamsifu: "Leo mkwe umepika." Ndipo nikauliza ni kuku gani. Alikuwa jogoo wangu, jogoo wa mwisho wa uzao wa Zaina. "Mama, si tumeagiza mwekundu?" Nikabaki na mfupa mkononi.

Mwekundu amefika, anawapanda wote. Watoto wao watataga mayai ya rangi ya chai ya maziwa. Limebaki tundu moja tu: kuku mzee analalia mayai yaliyotagwa kabla ya huyo jogoo kuja. Humo nikipata jogoo mmoja na tetea mmoja, uzao wa Zaina umesimama. Nisipopata, basi tena.

Sasa Mwanaidi analitaka tundu. "Mama, huyu ndiye analalia vizuri kuliko wote. Tuyatoe haya, tumwekee mekundu, Dona anataka kuongezewa." Nikamwambia Saidi, hayo ni ya dada yako. Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniua. "Mama, si ulisema mwenyewe? Yai ni yai. Ganda tunatupa."

Akanifunga kwa ulimi wangu mwenyewe. Mimi, ambaye mtaa mzima haujawahi kunishinda kwa maneno! Na wala hawana ubaya. Kwa hayo mekundu tumeezeka bati, nami nalala chini yake. Siwezi kuwaambia warudi kwenye njaa kwa ajili ya rangi. Kusema ni rangi tu nako siwezi. Toka juzi nimetandika mkeka mlangoni pa banda. Wenzangu wamepita kwenda arusini, wakanitania: "Bibi, na wewe unalalia?" Nikawatukana, wakaenda zao wanacheka. Nikiswali roho iko bandani.

Nyie mnaosoma hapa mna maneno mengi kila siku, leo nipeni moja la maana. Nimjibu nini mwanangu? Nishaurini, nifanye nini? Na msiniandikie "pole bibi", pole ninazo za kutosha.

Na wewe Mwanaidi, najua ukurasa huu unausoma kila ukiteleka sufuria. Weka simu chini. Mpelekee yule kuku maji, uyaweke karibu naye asilazimike kuinuka, kisha utoe mkono wako, usiguse kitu chini yake.